Safu ya Lugha: Tyubu au valvu?

Mwambie fundi wa baiskeli kwamba tyubu imekufa, naye atatafuta kiraka na pampu. Mwambie hivyo mpiga gitaa mwenye amplifaya ya zamani, ataanza kuhesabu fedha. Tyubu yake ni kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa, chenye uzi ndani unaowaka rangi ya chungwa.

Wamarekani hukiita tyubu kwa umbo lake. Waingereza hukiita valvu kwa kazi yake: mwaka 1904 John Ambrose Fleming alitengeneza cha kwanza, kikapitisha umeme upande mmoja tu, kama valvu ya tairi inavyoingiza upepo bila kuutoa.

Majina hayo mawili mawili yamefika hadi dukani. 12AX7 ya Marekani na ECC83 ya Ulaya ni kitu kimoja. Lakini EL34 na 6L6, ingawa zote huingia kwenye soketi ya pini nane, hazibadilishwi hivi hivi. Sharti fundi apime na kurekebisha mkondo wa umeme, na zinunuliwe kwa jozi zilizolingana. EL84 nayo, pamoja na kufanana jina na EL34, ina pini tisa. Haiingii kabisa.

Kwa Kiswahili nachagua valvu. Tyubu tumeshaipa baiskeli. Nawe soma maandishi ya kwenye kioo kabla ya kununua, na kazi ya kubadilisha mwachie fundi. Umeme wa kuua waweza kubaki ndani hata plagi ikishachomolewa.