Mtemi na Banang'oma: Baraza Lililofichwa na Maneno

Neno katiba limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. Yamkini ndiyo sababu msomaji wa historia hudhani upesi kwamba jamii isiyoandika haikuwa na katiba. Utawala wa kale wa Wasukuma unaikanusha dhana hiyo. Katika nchi ya Usukuma, watemi hawakutawala peke yao. (Wazinza, majirani wa karibu katika eneo hilo, wana mapokeo yao ya mukama, nayo yanastahili uchunguzi wa peke yake.) Mtemi alikuwa na baraza lililomweka, lililomshauri na lililoweza kumwondoa.

Wajumbe wa baraza hilo waliitwa banang'oma, jina linalofungamana na ngoma, alama ya enzi. Mtemi alipofariki walikificha kwanza kifo chake, kisha wakatafuta mrithi. Kwa desturi ya zamani enzi haikwenda kwa mwana wa mtemi bali kwa mwana wa dada yake. Kanuni hii ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Wana wa mtemi, waliokulia ikuluni na kuzoea fahari yake, hawakuwa na haki ya kiti. Na kwa kuwa wapwa walikuwa wengi, hakuna hata mmoja aliyeweza kusema kwamba enzi ni yake kwa kuzaliwa tu. Uamuzi ulibaki mikononi mwa wazee. Aliyewekwa alijua ni nani waliomweka.

Hata baada ya kusimikwa mtemi hakuwa huru. Alibeba dhamana ya mvua na rutuba ya nchi, na ukame wa muda mrefu ulitosha kuwa hoja ya kumwondoa. Mtu wa leo aweza kuiona hoja hiyo kuwa ushirikina mtupu. Kisiasa, hata hivyo, ilikuwa na maana iliyo wazi: yalikuwapo masharti ya kutawala, na walikuwapo watu wenye mamlaka ya kusema kwamba masharti hayo yamevunjika.

Je, kwa nini baraza hili halionekani sana katika maandishi? Sehemu ya jibu imo katika lugha. Katika enzi ya Wajerumani mtemi aliitwa sultani, jina lililotoka pwani pamoja na picha yake ya mtawala mmoja mwenye amri yote. Waingereza wakamwita chifu. Kiswahili nacho kilikopa kwa kuchagua. Kilichukua mtemi, neno la asili ya kutema, yaani kukata: wapo wanaolihusisha na kufyeka pori, wapo wanaolihusisha na kukata mashauri. Kilichukua ikulu, makao ya mtemi, na leo ndiyo makao ya Rais. Kilichukua pia mnyampara, ambaye kwa Wanyamwezi alikuwa mzee mwenye heshima. Katika misafara ya biashara ya karne ya 19 neno hilo likawa la kiongozi wa wapagazi, na hatimaye nyapara akawa msimamizi wa vibarua na wa wafungwa. Mzee wa shauri amegeuka mtu wa kuhimiza kazi! Banang'oma hawakukopwa kabisa.

Sheria ilikwenda njia ileile. Chini ya Gavana Donald Cameron, Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliweka uhalali wa mtemi katika kutambuliwa na serikali. Alilipwa mshahara na kusimamia kodi. Wazee waliendelea kushauriwa, lakini aliyeweza kumwondoa sasa alikuwa gavana, na urithi wa mwana ukazidi kushika nafasi ya urithi wa mpwa. Mwaka 1946 liliundwa Shirikisho la Usukuma, makao yake Malya, likiwakusanya watemi wa wilaya tano, Geita ikiwemo. Lilikuwa baraza kubwa kuliko yote yaliyotangulia, ila lilikuwa baraza la watemi.

Upungufu huo ulidhihirika Geita mwaka 1958. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanzisha huko baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, nao wananchi wakalikataa. Maelfu waliandamana hadi Mwanza. Historia ya taifa huliweka tukio hilo katika harakati za TANU, na ni sahihi kufanya hivyo. Lakini moja ya malalamiko yao lilikuwa kwamba watemi walikubali jambo zito bila wao kuulizwa. Lalamiko hilo halikuhitaji kufundishwa na chama chochote. Mzee wa Kisukuma aliyezaliwa kabla ya 1926 angelielewa mara moja. Serikali ililazimika kuliacha baraza lile.

Mwaka 1963, Tanganyika huru ilifuta uchifu kwa sheria. Ngoma za watemi kadhaa zimehifadhiwa katika makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, penye jengo lenye umbo la kiti cha enzi.