Namba Zinapokwisha: Kutoka 510 hadi Diski Pepe

Mtu wa Mwanakwerekwe haulizi daladala inakwenda wapi. Akiona 510, anapanda. 505 ni Uwanja wa Ndege, 502 ni Bububu. Ukitaka shamba, tarakimu ya mwanzo hubadilika: 116 Nungwi, kaskazini, 206 Chwaka, mashariki, 309 Jambiani, kusini. Hakuna skuli iliyotufundisha haya, tumeyajua kwa kupanda na kushuka. Tarakimu ya kwanza ni upande wa kisiwa, mbili zinazofuata ni njia yenyewe.

Mfumo mzuri, lakini una mpaka wake. Tarakimu mbili hutoa namba 100 kwa kila upande, basi. Hata barabara zikijengwa mia mbili, namba haziongezeki. Hapo ndipo historia ya anwani inaponivutia: kila anayepanga namba anabashiri kesho itakuwa kubwa kiasi gani, na aghalabu anabashiri ndogo.

Tazama simu zetu. Wenye umri kama wangu wanakumbuka namba za Zantel zilipokuwa zikianza na 0747. Baada ya hapo zilibaki tarakimu sita, yaani wateja milioni moja na hakuna zaidi. Simu ya mkononi ilipokuwa ya tajiri, milioni moja ilionekana bahari. Katikati ya miaka ya 2000 mpango ukapangwa upya, 0747 ikawa 0777, na watu wakaanza kazi ya kusahihisha vitabu vyao vya namba kwa kalamu.

Kinyume chake nacho kipo. Dunia ilipogawiwa namba za nchi miaka ya 1960, Zanzibar iliwekewa 259. Haikutumika. Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 ulitufanya tuitwe kwa 255 pamoja na Bara. Kwa hiyo kuna anwani iliyokosa watu, na kuna watu waliokosa anwani. Mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kuna gharama.

Gharama hiyo nimeiona kwenye kompyuta, ambako ndiko ninakopatia riziki. Siku hizi seva moja kubwa hubeba mashine pepe nyingi: kompyuta zisizo na mwili, kila moja ikidhani iko peke yake. Mashine hizo zinahitaji diski, na diski zao pia ni pepe. Anayeziunganisha ni draiva. Mwaka 2008 Rusty Russell, Mwaustralia, alichapisha makala akieleza virtio, njia ya pamoja ya kufanya kazi hiyo bila kila mtengenezaji kubuni yake. Draiva ya diski, virtio-blk, ilikuwa nyepesi na ya haraka. Lakini kila diski ilijitokeza kama kadi kamili iliyochomekwa kwenye njia ya PCI. Na PCI, iliyobuniwa miaka ya mwanzo ya 1990, iliipa namba ya kadi biti tano tu. Biti tano ni 32. Nyingine zimeshakaliwa na skrini, mtandao na kadhalika. Kwenye mpangilio wa kawaida, diski ya thelathini hupati pa kuichomeka.

Angalia kichekesho chake: kadi hizo hazipo! Hakuna shaba, hakuna tundu. Mashine ya kufikirika imerithi ufinyu wa mashine ya chuma, kama mtoto aliyerithi deni la babu.

Afisi moja niliyoisaidia ilikuwa na nyaraka za zamani zilizopigwa picha, hati za viwanja na mirathi, kila fungu kwenye diski yake. Diski mpya ilipokataa kuunganishwa, fundi wao alisema nafasi imejaa, zifutwe za zamani. Nafasi haikujaa hata kidogo. Ghala lilikuwa nusu tupu. Kilichokwisha ni majina ya kuitia vitu. Nilisema hivyo, tukabishana siku mbili, na hati za watu zikanusurika.

Dawa ilikuwapo tangu 2012, virtio-scsi ilipoingia kwenye Linux 3.4. Badala ya kadi kwa kila diski, kuna kadi moja, na ndani yake anwani ya ngazi mbili: shabaha hadi 256, na chini ya kila shabaha vitengo hadi 16,384. Wazo lenyewe ni la SCSI, kiwango cha 1986, ambacho nacho kilianza na vifaa 8 tu kwenye waya mmoja. Msomaji atakuwa ameshaitambua sura yake. Ni ileile ya daladala: kwanza upande, halafu njia.

Ndiyo maana nasema historia hii si ya mafundi peke yao. Anayeambiwa "hakuna nafasi" na aulize kwanza: nafasi ya kitu, au nafasi ya jina lake? Ghala likijaa, jenga ghala. Majina yakiisha, panga upya majina. Kufuta cha zamani ili kipya kipate kuitwa ni kumtoa mtu nyumbani kwake kwa sababu karatasi ya orodha imekwisha mistari.