Nani Aliketi Barazani? Maamuzi juu ya Kasindi, Beni na Butembo tangu 1910

Wapendwa vijana, kila tunapokutana nanyi baada ya Misa tunasikia swali lile lile. Barabara inapitishwa hapa, soko linahamishwa kule, mtaa mmoja unaambiwa ubomoe kuta zake: nani ameamua? Jibu linalotolewa kwa kawaida ni «wakubwa». Sisi tuliosomea ualimu haturidhiki na jibu lisilo na jina wala tarehe. Kwa sababu hiyo tumeona vema kurudi nyuma miaka mia moja na zaidi, tukiuliza kwa kila jambo: walioamua waliketi wapi, na ni nani kati ya wazee wetu aliyekuwa pamoja nao?

Tuanze na mto Lubiriha, unaotenga Kasindi na Mpondwe. Kabla ya mwaka 1910 mpaka wa wakoloni katika upande huu ulikuwa wa karatasi tu. Ulifuata mstari wa 30 wa longitudo mashariki, na walipokuja kuupima waligundua kwamba haukupita pale walipodhani. Mwezi wa Mei 1910 wajumbe wa Ubelgiji, Uingereza na Ujerumani walikutana Brussels wakachora mpaka mwingine. Mpaka huo ulifuata mto wetu na kupanda hadi kilele cha Margherita juu ya Rwenzori. Wakonzo wa mashariki wakawa watu wa Uganda, ndugu zao Wanande wakawa watu wa Kongo, ingawa lugha na koo zao ni zile zile. Hakuna mwami wala mzee wa ukoo aliyeketi katika mkutano ule. Na hata leo posa zinavuka daraja, na bibi arusi anaulizwa karatasi ya kupita sawasawa na gunia la chumvi.

Uamuzi wa pili ni wa hifadhi. Mwaka 1925 amri ya mfalme wa Ubelgiji iliunda Hifadhi ya Albert, ambayo leo tunaiita Virunga. Kufikia mwaka 1935 ilikuwa imepanuliwa mpaka kuingiza bonde la Semliki, kaskazini ya ziwa Edward. Tusiwe wepesi wa kuhukumu: katika miaka ile ugonjwa wa malale ulikuwa ukiua watu bondeni kwa kweli, na bila hifadhi huenda tusingekuwa na viboko wala tembo wa kuwaonyesha watoto. Mwaka 1979 UNESCO iliitia katika urithi wa dunia, na mwaka 1994 ikaiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Lakini mkulima anayegombana leo na mlinzi wa hifadhi juu ya kipande cha shamba anagombana na mstari ambao babu yake hakuulizwa. Ndiyo sababu ugomvi huo hauishi: hakuna mtu wa kwetu anayeweza kusema, «tulikubaliana hivi, nami nilikuwapo.»

Hapa tuwaombe mvumilie kidogo, maana tunafika kwenye jambo ambalo kila tulipolifundisha darasani wanafunzi waliacha kupiga kelele. Ishango si mbali na Kasindi, ni pale mto Semliki unapotoka ziwani. Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba pale akapata mfupa mdogo wa kahawia, wenye urefu wa sentimita 10 hivi na kipande cha jiwe gumu kilichopachikwa kichwani. Umri wake ni miaka 20.000 hivi. Juu yake mtu alikata mikato katika safu tatu. Ukihesabu safu moja unapata 11, 13, 17 na 19, jumla 60. Safu nyingine inatoa 11, 21, 19 na 9, tena 60. Ya tatu jumla yake ni 48. Wataalamu wanabishana: wengine wanasema ni hesabu, wengine ni kalenda ya mwezi, wengine wanaona mikato ya kushikia tu. Mfupa wenyewe uko Brussels, katika taasisi ya sayansi za viumbe. Tumewahi kuuliza darasa zima la watoto wa Kasindi ni nani amesikia habari zake. Mikono iliyoinuka ilikuwa miwili, na mmoja alikuwa anaomba kwenda nje.

Msidhani wakati wote tulikaa kimya tukiamuliwa. Serikali ya Mobutu ilipodhoofika, barabara zikawa mashimo, watu wa huku walijisaidia. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, alihimiza waamini watengeneze barabara kwa mikono yao, na mwaka 1989 jimbo lilianzisha Chuo Kikuu cha Katoliki cha Graben huko Butembo. Wakati wa vita, RCD-K/ML ilipotawala huku, wafanyabiashara wakubwa wa Butembo walipatana nayo kulipa ushuru wa Kasindi kabla mizigo haijafika, na wao pia waligharimia kazi ambazo serikali haikuzifanya. Wageni wengi wameandika kwa mshangao juu ya mji uliojijenga wenyewe. Sisi tunajivunia mji huo. Lakini anayelipa ndiye anayechagua barabara ianzie wapi, na mara nyingi haikuanzia kwa mjane mwenye kibanda cha mihogo.

Nasi tulionja jambo hilo. Kulikuwa na kijiji, hatutakitaja, ambako tulichanga pesa kaya kwa kaya ili kuleta bomba la maji. Bomba lilikuja, likatoa maji msimu mmoja, kisha likakauka. Tulipouliza hesabu, kila mjumbe wa kamati alituonyesha mwenzake. Daftari halikuwapo. Hatukuweza kumwondoa mtu yeyote, kwa kuwa hatukuwa tumemchagua mtu yeyote.

Sheria ya nchi imeliona tatizo hilo. Katiba ya 2006 inataja mji, komini, sekta na usultani kama maeneo yanayojitawala. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inalipa kila eneo la namna hiyo baraza la washauri. Baraza la komini ndilo linalopaswa kujadili masoko, barabara za mitaa, maegesho ya magari na mengine yanayogusa maisha ya kila siku. Kwa maandishi, basi, Beni na Butembo, zilizopewa hadhi ya mji mwaka 2003, zina mahali pa kuamulia. Kadhalika komini za vijijini kama Oicha na Bulongo. Kilichokosekana ni watu waliochaguliwa kuketi humo. Mwezi wa Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa, ila katika miji mikuu ya majimbo tu. Na tangu Mei 2021, chini ya utawala wa kijeshi, mameya wa huku ni maafisa walioteuliwa kutoka juu.

Wakati huo huo kazi kubwa ziliendelea kuamuliwa. Tarehe 16 Juni 2021 marais Museveni na Tshisekedi walikutana mpakani kwetu kuzindua barabara za kilomita 223: Kasindi hadi Beni 80, Beni hadi Butembo 54, na Bunagana hadi Goma 89. Barabara tunaihitaji, nani atakataa? Lakini ni mapatano ya serikali mbili. Mahali pa mtaro, pa kituo cha lori, pa akina mama wa soko, hapo ndipo baraza la komini lingesema neno.

Wengine watawaambia vijana wa huku hawajali kura. Tunawajibu kwa tarehe moja. Mwezi wa Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi iliahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari, kabla hatujapiga kura. Lakini tarehe 30 Desemba, nchi nyingine ilipokuwa ikichagua, watu wa Beni walipanga vituo vyao wenyewe, wakanawa mikono kwa sababu ya ugonjwa, wakasimama mistari mirefu, wakapiga kura ambayo walijua Kinshasa haitaihesabu. Wengi katika mistari ile walikuwa wa umri wenu.

Kwa mwezi huu tunawaomba kila kikundi kichague jambo moja la mtaa wake: soko, kisima, shule, makaburi ya zamani, mti wa baraza. Waendeeni wazee, muulize lilianza lini, nani alitoa kiwanja, nani alichanga, nani aliketi siku ile. Andikeni majina na miaka, na mahali wazee wanapotofautiana mwandike pande zote mbili. Leteni madaftari Jumapili ya mwisho wa mwezi, tuyasome pamoja baada ya Misa ya pili.