Pembe, Ngoma na Miaka Yetu

Neno jubilii linahusishwa na neno la Kiebrania la pembe ya kondoo dume. Mambo ya Walawi, sura ya 25, inaagiza pembe ipigwe kuutangaza mwaka wa 50. Tangu zamani, watu wa Mungu wameitambua miaka kwa sauti.

Zaburi ya 90, iitwayo sala ya Musa, inayapima maisha yetu kwa miaka 70, au 80 tukiwa na nguvu. Mwaka 1719, Isaac Watts wa Uingereza aliigeuza kuwa wimbo ambao makanisa mengi huuimba hadi leo. Pwani yetu nako, mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi. Aliyatazama majumba ya Pate yaliyobomoka, akauonya moyo wake usidanganywe na dunia.

Hapa Kakamega, Waisukha na Waidakho huipitia njia hiyo kwa isukuti. Hupigwa mtoto anapozaliwa, wakati wa tohara, arusini na matangani. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swara na njuga. Mwimbishaji hutoa neno, wengine wakaitikia. Hivyo maisha yote ya mtu, tangu kuzaliwa hadi kuzikwa, hupita katika mdundo mmoja.

Wamisionari wengi wa mwanzo waliikataa ngoma, wakiiona ya kipagani. Leo inasikika ndani ya ibada, lakini hatari imekuja kwa mlango mwingine. Mwaka 2014, UNESCO iliiweka isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wajuzi wake wengi ni wazee wasio na warithi.

Hilo linatugusa sisi pia. Kitabu cha nyimbo huhifadhi maneno, lakini mwendo wa wimbo, sauti ya bezi na mahali pa kuvuta pumzi hukaa kifuani mwa mtu, na mtu hupita. Kwa hiyo kila kijana wa kwaya na aketi na mzee mmoja mwaka huu, ajifunze wimbo mmoja wa zamani, aurekodi kwa simu na kuuandika kwa solfa. Keki ya leo tutaimaliza jioni. Wimbo huo utaimbwa na watu ambao bado hawajazaliwa.