Nani anashika balansi? Exetat yetu tangu 1967

Majibu ya Exetat yakitoka, mu Kolwezi hatuhitaji kutangaziwa. Vijana wanakimbia mu barabara na poda nyeupe ku kichwa mpaka ku kope, mama zao wako nyuma wanaimba. Mie pia nilimwagiwa poda. Lakini magaribi ile mjomba wangu aliniita pembeni, akaniuliza: "Ulitumika, ao mulichanga?"

Nilinyamaza. Kwa kweli nilifanya vyote viwili. Nilisoma usiku na tochi ya simu, na darasa letu liliombwa feza "ya kupokea wageni wa senta", nikatoa kama wenzangu. Mpaka leo siwezi kuapa kama asilimia yangu yote ni yangu. Njo maana nilianza kufuata historia ya huu mtihani.

Wakati wa Wabelgiji, na miaka ya kwanza ya uhuru, kila sekondari ilipima wanafunzi wake yenyewe, kisha diploma inaenda kuhakikishwa na komisyo ya serikali. Waliita homologation. Baada ya 1960 sekondari ziliongezeka mbio sana, na kuhakikisha vile kukawa kazi ngumu. Mwaka 1967 Leta ikaleta mtihani mmoja kwa inchi yote: mtoto wa Dilolo na mtoto wa Kinshasa, maulizo yale yale, siku ile ile. Hapo sina ubishi hata kidogo. Bila Exetat, mtoto wa Kasaji asiye na jina kubwa angeonyesha nini ku univasite?

Ubishi wangu ni juu ya mwenye kuushika. Kwetu ni Inspection Générale, ndani ya wizara. Inspekta anakagua walimu mwaka mzima, halafu inspeksyo ile ile njo inatayarisha maulizo, inasimamia senta, inasahihisha, inatangaza. Ikiharibika, utamshitaki kwa nani? Creuseur wa Musompo anaelewa hii bila kwenda univasite: mwenye kununua mawe njo mwenye balansi, njo mwenye mashine ya kupima teneur. Utabisha na nini?

Majirani wetu walipita njia ingine. Tanzania, Kenya na Uganda mitihani yao ya sekondari ilikuwa inatoka Cambridge, Uingereza, kisha mu miaka ya 60 wakaunda baraza moja la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa 1971, na 1973 bunge likapitisha sheria ya kuunda NECTA. Kenya ilifuata na KNEC 1980, Uganda na UNEB 1983. Haya mabaraza yako bado chini ya wizara, lakini kila moja lina sheria yake na bodi yake, na kazi yake ni mitihani, si kukagua walimu.

Musifikiri kule ni paradiso, bandugu. Majibu ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka Tanzania, zaidi ya nusu walipata sifuri. Mei 2013 serikali ikayafuta, ikaamuru NECTA ipange alama upya kwa utaratibu wa zamani. Yaani baraza lilitoa majibu, wanasiasa wakayarudisha. Ku Kenya, mtihani wa 2015 ulivuja, na 2016 waziri akavunja bodi ya KNEC. Wengine walipiga makofi. Mie najiuliza: kama waziri anaweza kufukuza bodi kwa siku moja, ile bodi ilikuwa huru kwa nani?

Kwa hiyo tukiomba baraza letu, jina peke yake halitoshi. Tuulize nani atalipa mishahara yao, nani anaweza kuwafukuza, na kama mwanafunzi wa Mutshatsha anaweza kuomba karatasi yake isahihishwe tena bila kupanda ndege ya Kinshasa. Na wale wa senta walipwe na Leta, kwa wakati. Tukiacha hiyo, wageni watapokelewa tu.

Mdogo wangu ni finalisti mwaka huu. Juzi alirudi na kikaratasi cha mchango. Papa hajakiona. Kiko ku meza, chini ya diksyonere yangu.