Rangi za tovuti ya mshauri nasaha: Kusomeka kwanza, urembo baadaye

MTU anayemtafuta mshauri nasaha kwenye mtandao wa intaneti aghalabu huwa amechoka, amekosa usingizi au anachelea kuonekana. Rangi za tovuti atakayoifungua zina kazi moja kuu: kumwezesha kusoma bila taabu huduma zinazotolewa, ada inayotozwa na nambari ya simu ya kupiga. Urembo hufuata baada ya hapo.

Hata hivyo, swali ambalo wenye vituo vya ushauri huelekea kuliuliza kwanza ni jingine: ni rangi gani itakayomtuliza mteja? Swali hilo lina uzito wake, lakini jibu lake si jepesi kama linavyodhaniwa.

Je, rangi hutuliza?

Makala nyingi za usanifu hudai kwamba samawati hutuliza, kijani kibichi huponya na nyekundu huchochea hasira. Madai haya hutolewa kwa uhakika mkubwa kuliko ule uliothibitishwa na utafiti.

Mfano mashuhuri ni wa rangi ya waridi. Mnamo 1979, gereza la jeshi la wanamaji mjini Seattle, Marekani, lilipaka seli rangi ya waridi kufuatia nadharia ya mtafiti Alexander Schauss kwamba rangi hiyo ingepunguza ukali wa wafungwa. Ilipewa jina la Baker-Miller, kutokana na maafisa wawili wa gereza hilo, na magereza mengine yakaiga.

Mnamo 2015, watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika gereza moja nchini Uswisi, ambapo wafungwa waliwekwa katika seli za waridi au za rangi nyingine bila kuchaguliwa. Ukali wao haukutofautiana.

Funzo lililopo ni kwamba hakuna rangi inayofanya kazi ya mshauri. Samawati iliyopauka inaweza kupendeza, lakini haimwondolei mtu huzuni. Inapotumiwa kwa maandishi, inaweza hata kumzuia asisome maneno ambayo yangemsaidia.

Maana hubadilika

Jambo la pili ni kwamba rangi haina maana moja kila mahali. Miongozo mingi iliyoandikwa ng'ambo huonya dhidi ya nyekundu kwa kuwa ni ishara ya hatari. Katika mwambao wa Kenya, hata hivyo, leso ya kisutu yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe ni vazi la harusi. Shuka nyekundu ya Mmaasai nayo haimtishi yeyote anayeifahamu.

Nyeupe pia ina sura mbili. Ni rangi ya kanzu ya Ijumaa, na ni rangi ya sanda.

Nchini Kenya kuna suala jingine ambalo mbunifu wa kigeni hawezi kulijua: siasa. Tangu kura ya maamuzi ya 2005, ambapo wapinzani wa katiba iliyopendekezwa walipewa alama ya chungwa, rangi hiyo imehusishwa na vuguvugu lililozaa chama cha ODM. Nyekundu ilitumiwa na Jubilee, na manjano ni ya UDA.

Kwa mtu aliyefiwa au kufukuzwa kwake katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, rangi ya chama chochote kile si pambo tu. Kituo kinachowahudumia watu wa pande zote kinafaa kuepuka ukurasa uliotawaliwa na rangi moja ya aina hiyo.

Vilevile, kijani kikali huwakumbusha wengi Safaricom na huduma yake ya M-Pesa, nayo nyekundu iliyoiva huwakumbusha Airtel. Si marufuku kuzitumia, lakini tovuti ya ushauri haifai kudhaniwa kuwa tangazo la kampuni ya simu.

Kipimo cha kusomeka

Ingawa hisia hazipimiki kwa urahisi, kusomeka kunapimika. Shirika la W3C, ambalo huweka viwango vya intaneti duniani, lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kurahisisha matumizi ya tovuti mnamo 1999. Toleo la 2.0 lilitoka 2008, la 2.1 likafuata 2018 na la 2.2 likachapishwa 2023.

Mwongozo huo hulinganisha mwangaza wa herufi na mwangaza wa ukurasa. Nyeusi juu ya nyeupe hufikia uwiano wa juu kabisa, 21 kwa 1. Maandishi ya kawaida yanatakiwa kufikia angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Wanaotaka kiwango cha juu zaidi hulenga 7 kwa 1.

Kwa kipimo hicho, rangi kadhaa zinazopendwa huanguka mtihani. Samawati ya anga, yenye alama 87CEEB katika lugha ya tarakilishi, hupata takriban 1.7 kwa 1 juu ya nyeupe. Manjano safi hupata 1.07 kwa 1, kiasi kwamba karibu haionekani. Hata nyekundu safi hufikia 4 kwa 1 pekee, hivyo haitoshi kwa maandishi madogo. Kinyume chake, buluu iliyokolea yenye alama 000080 hupata 16 kwa 1.

Tofauti hizi huwa na uzito zaidi kwa mzee mwenye mtoto wa jicho, kwa anayetumia simu ya rununu ya bei nafuu yenye kioo kilichofifia, na kwa anayesoma akiwa kituo cha matatu juani.

Wasiotofautisha rangi

Kuna pia watu ambao macho yao hayatofautishi baadhi ya rangi, hasa nyekundu na kijani. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban mwanamume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200 wana hali hiyo. Barani Afrika kiwango huwa cha chini, lakini wapo.

Kwa sababu hiyo, rangi isiachiwe kubeba ujumbe peke yake. Katika fomu ya kuomba miadi, haitoshi kuizungushia nyekundu sehemu iliyokosewa. Iandikwe kwa maneno: "Nambari ya simu haijakamilika." Kiungo kilicho ndani ya sentensi nacho kipigiwe mstari.

Mpango wa rangi tatu

Tovuti ya kituo kidogo haihitaji rangi nyingi. Tatu zinatosha: ya ukurasa, ya maandishi, na ya vitufe na vichwa vya habari.

Mfano unaofaulu ni huu. Ukurasa uwe wa rangi ya krimu, FAF7F0, ambayo haiumizi macho kama nyeupe kali. Maandishi yawe ya kijivu kilichokolea, 333333. Uwiano wake juu ya krimu hiyo ni zaidi ya 11 kwa 1. Vitufe viwe vya kijani kilichokolea chenye kuelekea buluu, 00695C, na herufi nyeupe juu yake zitapata zaidi ya 6 kwa 1.

Rangi ya vitufe isitapanywe kila mahali. Ikitumiwa kwa kitufe cha "Piga simu" na "Omba miadi", pamoja na vichwa vichache, jicho lililochoka litajua mahali pa kwenda. Ikitumiwa kwa kila kitu, haitaonyesha chochote.

Nambari ya dharura isifichwe chini ya ukurasa kwa kijivu kilichofifia, kama ilivyo desturi ya tovuti nyingi. Iwe juu, kwa maandishi yaliyokolea kuliko yote.

Utulivu wa rangi una faida nyingine isiyohusu tiba. Anayesoma tovuti hiyo ndani ya matatu hangependa jirani yake avutiwe na ukurasa unaomeremeta. Ukurasa wa rangi za kiasi humsitiri.

Kujaribu kabla ya kuzindua

Kabla ya tovuti kufunguliwa kwa umma, mwenye kituo anaweza kufanya majaribio manne yasiyo na gharama kubwa. Kwanza, aingize alama za rangi zake katika mojawapo ya programu za bure za kupima uwiano. Pili, auchapishe ukurasa kwa nyeusi na nyeupe aone iwapo kitufe bado kinatambulika. Tatu, aufungue kwenye simu ya bei nafuu, nje, saa sita mchana, mwangaza wa simu ukiwa umepunguzwa. Nne, ampe mtu mwenye umri mkubwa ausome bila kuelekezwa, huku akihesabu sekunde anazotumia kuipata nambari ya simu.

Maandishi yaliyowekwa juu ya picha yachunguzwe kwa makini zaidi, kwa kuwa neno linalosomeka juu ya kivuli cha mti hupotea likifika kwenye wingu.

Suala hili linagusa haki pia. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari. Nayo Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 husimamia usajili wa wataalamu hawa. Hivyo jina la mshauri, sifa zake na usajili wake ni habari ambazo mteja anafaa kuzisoma kwa uwazi uleule wa ada.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tovuti iliyopambwa kwa rangi laini lakini isiyosomeka ni mkakasi wa aina hiyo, na anayeufungua saa nane za usiku akitafuta msaada huenda asirudi kujaribu mara ya pili.