Neno lililosikiwa: Antoni na Augustino

Katika mikutano yetu ya parokia hurudi mara nyingi lalamiko moja: kwamba Maandiko Matakatifu ni mali ya mapadri, watawa na wale waliosoma sana, na kwamba kijana asiye na Biblia yake nyumbani hana la kufanya ila kungoja afafanuliwe. Tumeona vema kulijibu kwa historia. Nayo ni historia ya Waafrika wawili ambao hawakuonana kamwe: mmoja alikuwa mkulima asiye na elimu ya vitabu, mwingine alikuwa mwalimu wa ufasaha.

Wa kwanza ni Antoni, aliyezaliwa Misri yapata mwaka 251 katika nyumba ya Wakristo wenye mali. Utotoni alikataa kwenda kujifunza pamoja na watoto wengine. Wazazi wake walipofariki alikuwa na umri wa miaka 18 au 20, akabaki na mashamba mazuri na ndugu wa kike aliye bado mdogo sana. Miezi sita haijatimia, aliingia kanisani kama ilivyokuwa desturi yake, akakuta inasomwa Injili ya Matayo, pale Yesu anapomwambia kijana tajiri auze alivyo navyo na kuwapa maskini. Kijana wa Injili alikwenda zake kwa huzuni. Antoni alitoka kanisani, akawaachia wanakijiji mashamba ya baba yake, akauza vitu vya nyumbani na kuwagawia maskini fedha, akibakiza kidogo kwa ajili ya ndugu yake. Siku nyingine alisikia kanisani Bwana akikataza kuisumbukia kesho. Hata ile akiba akaitoa, na yule binti akamkabidhi kwa mabikira waaminifu wamlee.

Twakiri kwamba jambo hili la mwisho hutusumbua kidogo, kwa maana hatusimuliwi kama binti mwenyewe aliulizwa. Lakini tunaambiwa kwamba miaka mingi baadaye Antoni alimwona tena, amezeeka katika ubikira wake, naye akiwa kiongozi wa mabikira wengine.

Tutazame hasa yaliyofuata, kwa kuwa hapo ndipo Neno linapoingia katika siku za kawaida. Antoni alikuwa amesikia onyo la Mtume Paulo kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Basi akafanya kazi kwa mikono yake, sehemu ya mapato akanunulia mkate, sehemu akawapa wahitaji. Askofu Atanasi wa Aleksandria, aliyeandika maisha yake, anaeleza kwamba alisikiliza masomo kwa uangalifu mkubwa hata asipoteze lolote, na kwamba kumbukumbu yake ikawa ndiyo maktaba yake. Alifariki mwaka 356, akiwa amepita miaka 100, huku jangwa limejaa watu waliomfuata.

Augustino alizaliwa miaka miwili kabla ya kifo hicho, huko Thagaste, mji unaoitwa leo Souk Ahras nchini Algeria. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo wa sala nyingi. Akiwa na miaka 19 hivi alifungua Maandiko na kuyadharau, kwa kuwa lugha yake ilionekana duni mbele ya uandishi wa Cicero. Kwa miaka ipatayo tisa akafuata dini ya Wamani. Hata alipofika Milano mwaka 384, alikwenda kumsikiliza Askofu Ambrosi kwanza kwa ajili ya ufasaha wake; mafundisho yaliingia moyoni polepole, yakipita mlango uleule wa maneno matamu.

Mwaka 386 alitembelewa na Mwafrika mwenzake aitwaye Ponticianus, mtumishi wa kaisari, ambaye aliona juu ya meza ya mchezo kitabu cha barua za Paulo. Mazungumzo yakaanzia hapo, na mgeni akasimulia habari za Antoni, ambazo Augustino na rafiki yake Alipio hawakuwa wamezisikia kamwe. Augustino aliona aibu. Alimlalamikia Alipio kwamba wasio na elimu wanautwaa ufalme wa mbinguni, nao wawili, pamoja na elimu yao yote, bado wanagaagaa katika tamaa. Akaenda bustanini akilia. Huko akasikia sauti kama ya mtoto ikimhimiza achukue na kusoma. Alikumbuka jinsi Antoni alivyopokea somo la kanisani kana kwamba limesomwa kwa ajili yake, akafungua Waraka kwa Waroma, mahali Paulo anapoagiza kuacha ulevi, uasherati na ugomvi, na kumvaa Bwana Yesu. Hakuona haja ya kuendelea. Alipio akasoma maneno yaliyofuata, juu ya kumpokea aliye dhaifu wa imani, akasema hayo yanamhusu yeye. Wote wawili walibatizwa na Ambrosi katika Pasaka ya mwaka 387.

Hapa twapenda kuwaonya wale wanaofungua Biblia kwa kubahatisha ili wajue kama watafaulu mtihani au watampata mchumba. Augustino mwenyewe, akiwa askofu, aliandika kwamba hapendezwi na desturi ya kutafuta katika Injili majibu ya mambo ya dunia kana kwamba ni kura. Kule bustanini yeye hakutafuta habari za kesho. Alikuwa amejua kwa muda mrefu linalompasa, akakosa nguvu ya kulitenda.

Alipopewa upadri huko Hipo mwaka 391, bingwa huyo wa maneno alimwandikia askofu wake, Valerius, akiomba muda wa kujifunza Maandiko, kwa sababu alijiona hana bado kinachohitajika kuwahudumia watu. Na mwaka 430, jeshi la Wavandali likiwa limeuzingira mji, alilala mgonjwa kitandani. Aliagiza zaburi za toba zinakiliwe na kubandikwa ukutani, akawa anazisoma akiwa amelala, huku akilia, mpaka alipofariki tarehe 28 Agosti.